Grupu la Kuzikana

Niligombea uenyekiti wa mtaa kwa sababu nyumba yangu ilikuwa kimya. Najua sababu ambazo watu huzitaja wakichukua fomu: barabara, taa, ulinzi shirikishi, vijana wasio na kazi. Nami nilizitaja zote, na nilizitaja vizuri. Ila hapa sina wa kumwomba kura, kwa hiyo naweza kusema ilivyokuwa.

Marehemu mume wangu alikuwa mwenyekiti wa mtaa wetu, hapa Kambarage mjini Shinyanga, kwa miaka mingi, na enzi zake geti letu halikupumzika. Huyu anataka barua ya utambulisho, yule amezozana na jirani kuhusu mpaka, wale wawili wameoana juzi na tayari hawasikilizani. Mwingine hata shida hana, amepita tu kuona kama chai imeiva. Nilikuwa nikinung'unika. Nilisema nyumba imegeuka stendi, nilisema sitapika tena chai ya watu nisiowajua, na kesho yake nilipika. Alipofariki watu walijaa mpaka barabarani. Wakaja hitima, wakaja arobaini, kisha wakaondoka na shida zao wakazipeleka kwa mwenyekiti aliyefuata. Mimi nikabaki na vikombe.

Watoto walikuwa wameshaondoka. Binti yuko Bugarama, anapikia wafanyakazi wa mgodini. Kijana yuko Geita mjini, ana duka la vipuri vya mashine za kusagia mawe ya dhahabu, zile wanazoziita karasha. Wote wananipenda, sina kinyongo nao. Lakini mtu anayekupenda kutoka Geita hawezi kukusikia ukikohoa. Miaka ile ya kazi, nikiwa karani kwenye kiwanda cha kuchambua pamba, nilitamani siku moja tu ya kukaa peke yangu bila kuitwa. Mungu alinisikia, akanipa zaidi ya nilichoomba.

Ndipo nikawa mtu wa grupu.

Grupu letu la simuni lilianza kama chama cha kufa na kuzikana. Akifiwa mtu wa mtaa, katibu anaandika, watu wanachanga, turubai linafungwa, masufuria yanatoka kila nyumba, na wanawake tunakaa kwenye mikeka mpaka mfiwa apate usingizi. Kwa hiyo grupu hilo lilikuwa na sheria moja ambayo haikuandikwa popote: hakuna anayejitoa. Unaweza kugombana na watu humo, unaweza kunyamaza mwaka mzima, lakini ukijitoa umetangaza kwamba hutaki kuzikwa. Kuna kijana mmoja aliwahi kujitoa kwa sababu simu yake ilikuwa ikijaa picha. Mama yake alipata habari kabla ya adhuhuri. Alipiga simu nyumba hadi nyumba akiomba radhi, akisema mtoto ameteleza kidole, mpaka kijana akarudishwa.

Basi watu wakahama mtaa lakini hawakuhama grupu. Kila iliposikika kwamba dhahabu imelipuka, yaani imeonekana kwa wingi mahali fulani, upande wa Kharumwa au huko Msalala, vijana waliondoka, baadaye wakawafuata wake zao, mwisho wazazi nao wakachukuliwa wakalee wajukuu. Nyumba zao zikapangishwa chumba kimoja kimoja. Wapangaji walikuja kutoka Maswa, Bariadi, Kahama, sikujua vizuri, watu wa kuondoka alfajiri na kurudi jioni. Hao hatukuwaingiza kwenye grupu. Si kwa ubaya. Mpangaji akifa husafirishwa kwao, sasa achangie turubai la nani? Haikumjia mtu akilini kwamba kuna jambo lingine la kuwaambia zaidi ya msiba.

Humo ndani ya grupu mtaa ulikuwa vilevile kama zamani. Nikiamka baada ya swala naandika, "Mmeamkaje wapenzi?" na majibu yanashuka. Yule aliyekuwa akikaa nyumba ya kona ananitania kuhusu maandazi yangu yaliyowahi kumvunja jino. Aliyekuwa jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, mwanamke tuliyelea pamoja watoto, ananitumia sauti yake: "Mama wewe, nimeota tunachambua mchele." Nyuma ya sauti yake unasikia karasha linanguruma, na watu wanaitana kwenye duara, lile shimo la wachimbaji. Nilipenda sana ngurumo ile. Nilikuwa naisikiliza mara mbili mbili nikiwa nimekaa kwenye korido yangu, kwa sababu ilikuwa kelele ya watu.

Uchaguzi wa serikali za mitaa ulipokaribia, mwenyekiti aliyekuwepo alisema amechoka. Mmoja akaandika kwenye grupu, nadhani kwa mzaha, "Mama, si ushike nafasi ya mzee?" Nikacheka. Baada ya dakika chache vidole gumba vilikuwa vimejaa kioo kizima. "Mama tosha." "Nyumba ya mwenyekiti irudi palepale." "Tuko pamoja mama yetu." Sikulala vizuri siku hiyo, kwa furaha. Niliona geti likigongwa. Niliona kabisa watu wamekaa kwenye benchi la korido wakisubiri zamu, na mimi ndani natafuta miwani.

Chama changu kilinipitisha bila makelele, wengine waliotaka hawakuwa na nguvu. Upande wa pili wakamsimamisha fundi pikipiki wa pale njia panda. Huyu fundi alikuwa ametoka Kharumwa, amechoka na mashimo, amekuja mjini na sanduku la spana. Yeye mwenyewe alikuwa mpangaji. Nilimpigia kijana wangu Geita kumweleza, akauliza, "Huyo fundi yumo kwenye grupu?"

"Hayumo."

"Sasa atapita wapi, mama?"

Tukacheka wote wawili, mimi nikacheka zaidi.

Kijana ndiye aliyekuwa meneja wa kampeni yangu, akiwa hukohuko dukani kwake. Alinikataza mabango ya karatasi. Alisema karatasi zinachanwa na mbuzi, siku hizi kampeni iko mkononi mwa mtu. Akanitengenezea bango la simuni, amenisafisha uso mpaka nikafanana na mdogo wangu, nyuma yangu ameweka mawe makubwa ya Shinyanga na jua linachomoza. Magoti yangu yalishakataa kutembea muda mrefu, kwa hiyo mpango ulinifaa. Kila asubuhi niliketi pale koridoni nikarekodi ujumbe wa sauti. Nilizungumzia mtaro unaofurika, nilizungumzia vibaka, nilimtaja marehemu kidogo, sauti ikakwama nikaiacha ikwame. Niliiweza kazi, nasema kweli. Watu walilia huko Bugarama.

Katibu wa grupu akaweka kura ya maoni humo humo, nani anafaa. Mstari wangu ukajaa rangi ya kijani kutoka mwanzo hadi mwisho. Fundi alipata vikura viwili vitatu, na nikatumia jioni nzima kutaka kujua ni akina nani hao wasaliti. Ndiyo kazi niliyokuwa nayo: mchana kampeni, jioni upelelezi. Kwa mara ya kwanza tangu nifiwe, siku zilikuwa zinaisha upesi.

Fundi yeye nilimwona kwa mbali tu. Jioni baada ya kufunga karakana alikuwa akipita kwenye nyumba za vyumba, akiinama kwenye milango yenye mapazia, anakaribishwa ndoo iliyogeuzwa, anakaa. Anakaa muda mrefu. Nilimwambia binti yangu kwenye simu kwamba mpinzani wangu ana siasa za enzi za redio ya betri. Binti akacheka kwa adabu, halafu akauliza, "Na wewe mama umeenda kwa nani?"

"Mimi nina watu wangu."

"Sawa mama."

Ulipofika wakati wa kujiandikisha kwenye daftari la mtaa nilihimiza kwenye grupu asubuhi na jioni. Hili daftari ni la wakazi wa mtaa, lazima uende mwenyewe ukaandikwe hapahapa. Majibu yakawa yaleyale. "Sawa mama." "Tuko pamoja." Viganja vimeunganishwa vya kuomba dua, mioyo, bendera. Nilienda kujiandikisha mwenyewe kwa bajaji nikakuta foleni ya watu nisiowajua, wanawake wenye watoto mgongoni, vijana wenye mikono ya grisi. Nikafurahi. Nikajisemea, hata wageni wamehamasika mwaka huu, watu wangu watakuwa wameshapita mapema. Jioni nikawapongeza kwenye grupu, nao wakapongezana.

Na sauti zao zilikuwa na karasha nyuma muda wote. Hilo ndilo linalonikera mpaka leo, wala silifichi. Mtu ananiambia, "Mama kura yangu unayo," na nyuma yake jiwe la Bugarama linasagwa, na mimi namjibu, "Ahsante baba." Wao hawakuniongopea. Walijiona ni wa mtaa huu, kwa sababu watazikwa humu. Mimi nami niliwaona ni wa mtaa huu, kwa sababu ndio peke yao walionisalimia. Tulikubaliana wote, na hakuna aliyekumbuka kwamba sanduku la kura halina mtandao.

Siku ya kupiga kura nilivaa dera jipya na mtandio uliokuwa zawadi ya marehemu. Kituo kilikuwa kwenye uwanja wa shule, chini ya turubai, na turubai lenyewe nililitambua, lilikuwa letu la misiba. Nilifika mapema nikitarajia kupokewa. Watu walinipisha kwa heshima wanayopewa wazee. "Shikamoo mama," kushoto na kulia. "Marahaba, marahaba." Niliwatazama mmoja mmoja nikisubiri uso ninaoufahamu. Nilimwona muuza duka wa Kihindi wa barabara kubwa, ambaye familia yake na yetu tumesalimiana tangu enzi za babu. Nilimwona imamu mstaafu amekaa kivulini. Nilimwona mwanamke mmoja wa grupu, ambaye hakuwahi kuhama kwa sababu anauguza. Tukashikana mikono kwa nguvu kupita kiasi.

Fundi alikuwepo, shati limepigwa pasi, anakatiza huku na huku. Aliniona nimesimama akaniletea kiti. "Shikamoo mama. Kaa hapa, jua litafika huku baadaye." Kisha akatoa simu, kisimu cha vitufe chenye kioo kilichopasuka, akasogea pembeni kidogo. Nilimsikia akisema, "Mama mapacha, umeshafika? Mwache mtoto kwa wifi yako, foleni ni fupi saa hizi." Akakata, akapiga nyingine. "Mzee, homa imeshukaje? Basi nakutumia bodaboda, usitembee." Alikuwa akiwaita mmoja mmoja, na walikuwa wakija. Niliwaona wakitokea kwenye uchochoro, bado wanafunga kanga vizuri, bado wanatafuna.

Nilifungua grupu. "Leo ndiyo leo!" walikuwa wameandika. "Mama anaapishwa!" Mtu alikuwa ameweka picha yangu ile yenye jua.

Kura zangu zilihesabiwa upesi. Za fundi ziliendelea, msimamizi akizikunjua na kuzionyesha, huku watu wakihesabu kwa sauti kama watoto wa darasa la kwanza. Nilikaa mpaka mwisho, sikutaka waseme nimesusa. Fundi alikuja kunishika mkono, akaniambia atakuja nyumbani nimfundishe kazi ya mzee. Nilimjibu karibu sana. Nikatafuta bajaji.

Nilipofika nyumbani niliiweka simu mezani, ikawa inatetemeka yenyewe. "Wameiba!" "Haiwezekani, mama tulikuwa naye wote!" "Mtandao mzima unajua nani alishinda." Kijana akapiga kutoka Geita akitaka nikate rufaa, ana mtu anamfahamu mwanasheria. Nilimwambia hakuna kilichoibwa, niliona kwa macho yangu.

"Mama, kura ya maoni ilikuwa wazi. Fanya hesabu. Hao watu wote wameenda wapi?"

"Uko wapi wewe sasa hivi?" nikamuuliza.

"Dukani."

"Basi ndiko walikoenda."

Akasema kuna mteja, akakata simu. Alikuwa na haki ya kukata, ni mtoto mzuri, alifanya kazi nyingi kwa ajili yangu. Lakini nilikuwa nimeshapandisha hasira, na nikipandisha huwa sishuki mapema. Nikaandika kwenye grupu, kwa herufi kubwa zote: NANI KATI YENU ALIPIGA KURA LEO KAMBARAGE? Nikaketi kuangalia. Zile alama za bluu zikaja, moja baada ya nyingine, wanasoma. Hakuna aliyejibu. Yule mwanamke anayeuguza akaandika, "Mimi." Mwisho mmoja akaweka viganja vya dua. Na kabla sijajua nimjibu nini, katibu akatangaza kwamba mzee mmoja wa mtaa amefariki huko Kharumwa na mwili utaletwa kesho, na pole zikaanza kushuka, na michango, na maneno yangu yakapanda juu kidogo kidogo mpaka yakatoka kwenye kioo.

Nilichukia. Halafu nikalia, na nililia si kwa sababu ya kushindwa. Nililia kwa sababu nilijua kesho hao wote watakuja kuzika, wataijaza barabara, watanikumbatia, watasema mama umepungua, na jioni watapanda magari kurudi Msalala na Geita.

Walikuja kweli, na ilikuwa hivyohivyo. Jirani yangu wa zamani alikaa nami kwenye mkeka, tukachambua mchele kama alivyoota. Aliniambia kwa sauti ya chini, "Ningepiga kura ningekupa wewe." Nikamwambia najua. Hakuna aliyelizungumzia tena.

Baada ya kuondoka kwao nilikaa na jambo moja linaniwasha. Nyumba ya yule jirani yangu wa zamani, ile tunayogawana ukuta, ina vyumba vya wapangaji tangu alipohamia Bugarama. Nawasikia kila siku, ndoo zao, mtoto wao, redio. Nilitaka kujua hawa walimpa nani. Nilijua jibu, lakini nilitaka kulisikia kutoka kwa mtu, na kwa kweli nilitaka kumwambia mtu maneno machache ya ukali. Asubuhi nikajitanda nikatoka, nikazunguka mpaka mlangoni kwao.

Mwanamke kijana alikuwa anafua uani. Aliponiona akainuka akafuta povu mikononi, akapiga goti kidogo namna wanavyofanya wanawake wa Kisukuma kwa mtu mzima. "Mwangaluka, mayu."

"Mwangaluka," nikamjibu. Mimi Kisukuma changu ni cha sokoni tu, lakini salamu ya asubuhi naijua, na mayu najua ni mama.

Akanitolea kigoda. Nikamuuliza kama alipiga kura. Akasema ndiyo, yeye na mume wake.

"Mlimpa nani?"

Hakuficha. "Fundi. Alikuja hapa wakati mtoto ana degedege, akatupeleka hospitali kwa pikipiki ya mteja. Siku ya kura alinipigia simu asubuhi, akaniuliza kwanza mtoto kaamkaje." Akatabasamu. "Wewe, mayu, unakaa mtaa gani?"

Nilimtazama nione kama ananitania. Hakuwa ananitania.

"Nakaa hapo," nikasema, nikionyesha ukuta nyuma ya kamba yake ya nguo.

"Hapo kwenye geti jeusi?"

"Hapo."

Akaweka mkono mdomoni. "Mayu, nisamehe. Sisi tunajua hapo hapana mtu. Geti liko kufungwa siku zote, hatusikii sauti. Tulidhani wenyewe wako Geita." Akaiangalia ndoo yake. "Hata watu wakija kugonga huwa tunawaambia hapo hapakai mtu, wasijisumbue."

"Watu gani?"

"Wanakuja. Kuna mama mmoja na mjukuu wake, alikuja zaidi ya mara moja. Kuna baba mmoja wa kanzu. Alisema alikuwa anafahamiana na mwenye nyumba, anataka tu kusalimia."

Yale maneno ya ukali niliyokuja nayo sikuyaona tena. Nilimuuliza huyo mama alikuwaje, mrefu au mfupi, na akajitahidi kunieleza, lakini alivyoeleza angeweza kuwa mtu yeyote. Nikamwambia wakija tena awaambie nipo. Wagonge kwa nguvu, nipo ndani, magoti tu ndiyo yananichelewesha.

"Nitawaambia, mayu," akasema. "Niwaambie yupo nani?"

Nikamtajia jina langu, lilelile lililokuwa kwenye karatasi aliyopigia kura, na nikaona usoni mwake kwamba alikuwa analisikia kwa mara ya kwanza.